Mtu Safi kutoka Muleba

Kwa karibu miaka ishirini Xaveria wa Kimuli alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea. Mbuzi mwenyewe hakuwapo. Tangu mumewe afariki Xaveria hakufuga mbuzi hata mmoja, na wala hakuwapenda, maana walikuwa wakimtafunia migomba. Lakini mtu anayetafuta mbuzi ana ruhusa ya kuingia kibanja cha yeyote. Anazunguka nyuma ya nyumba, anachungulia zizini, anauliza maswali mpaka achoke mwenyewe, na hakuna anayemwita mmbeya. Kazi ya Xaveria ilikuwa hiyo hasa, kuingia kwa watu na kuangalia.

Tuseme una binti. Posa imeletwa na watu wa upande usioujua. Wamekuja wamevaa vizuri, wanaongea taratibu, wamebeba rubisi ya kutosha kulewesha ukoo mzima. Utawapa mtoto kwa sababu ya rubisi? Hapana, unamtuma mtu kimya kimya akaangalie kwao kukoje. Ndivyo ilivyokuwa Karagwe yote, na siku hizo Kyerwa, Kimuli ikiwemo, ilikuwa bado ni Karagwe. Watu wa Kimuli walimtuma Xaveria.

Kazi hiyo hakuiomba. Ilimwangukia mwaka wa vita, sabini na nane, watu wa mpakani walipokimbia na vitanda vichwani wakalala popote walipopokelewa. Kijana mmoja miongoni mwao alimposa mpwa wake Xaveria. Katika vurugu zile kila mtu alisema mchukueni, kijana mzuri, ana baiskeli. Xaveria hakubishana na mtu. Alijitwisha kikapu, akatembea mpaka walikofikia ndugu za yule kijana, akakuta ana mke na kichanga, wamekaa chini ya turubai wakimngoja baba awaletee ndizi. Alirudi akasimulia aliyoyaona. Tangu siku hiyo hakuna binti wa Kimuli aliyeolewa mbali bila Xaveria kupoteza mbuzi kwanza.

Alikuwa na namna yake. Kijana mwenyewe hakumtazama sana, kwa kuwa kijana anayeposa ameshajipanga. Alitazama chini ya migomba kama majani yametandazwa vizuri au ardhi iko tupu. Alitazama ndama amefungwa juani au kivulini. Alisikiliza mama mtu anamwitaje mwanawe wakati hajajua kwamba pana mgeni. Halafu aliteremka kwa jirani wa bondeni, kamwe si wa mlimani, maana takataka za mtu na makelele yake humfikia wa bondeni. Hapo aliomba maji ya kunywa, akalitaja jina la kijana kana kwamba limemtoka tu. Jirani akinyamaza kidogo kabla ya kusifu, Xaveria alirudi nyumbani akasema hapana, na hakueleza. Aliposema "ni mtu safi", wazee walipokea mahari. Ndoa moja tu ilivunjika katika zote, na hiyo ilivunjwa na pombe iliyomwanza bwana harusi miaka mingi baada ya harusi. Pombe ambayo haijaja nani angeiona?

Basi huyo ndiye Xaveria. Sasa mjue na jirani yake.

Nyirabageni alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kuuliza. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa hapa hapa, na mumewe Theoneste alikuwa kibarua wa kulima mashamba ya watu. Kibanja walichokaa kilikuwa cha bwana mmoja wa Bukoba aitwaye Kaijage, aliyewahi kuwa ofisa Bugene kisha akahamishwa. Ardhi yake, mibuni yao, ndivyo walivyopatana. Mwaka tisini na saba Kaijage alileta habari kwamba anauza. Alikuwa mtu wa haki, tusimseme vibaya. Alisema, nyinyi ndio mmekilea, nyinyi ndio wa kwanza. Kahawa ikitoka nileteeni bei yangu, lakini mvua za vuli zikiisha mikono yenu ikiwa mitupu nitampa mwingine. Na huyo mwingine alikuwa ameshaonekana barabarani akikipima kibanja kwa macho.

Kwa hiyo mavuno ya mwaka ule yalikuwa ndiyo nyumba ya Nyirabageni. Kila mtu Kimuli alilijua hilo. Wanawe walikatazwa hata kuchezea karibu na mikeka ya kuanikia, na punje iliyodondoka njiani iliokotwa, ikapulizwa vumbi, ikarudishwa.

Ugumu ulikuwa mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Egbert wa pale sokoni Omurushaka. Egbert alikuwa mwizi, na kila mtu alijua kwamba ni mwizi, akiwemo Egbert. Mizani yake ilikuwa na ugonjwa wa kupunguza, na ulipomwambia alicheka akasema hata mimi baba yangu alinirithisha hivyo hivyo. Mwenye shida ya haraka alimuuzia kahawa ikiwa bado maua mtini, ile wanayoiita butura, kwa bei ya kulilia. Xaveria alikuwa ameshamchunguza zamani, alipomposa binti wa mtu Kimuli, na alirudi akisema hapana kabla hata hajakaa.

Ndipo akafika Anatory.

Alikuwa kijana wa Muleba aliyetokea Kampala alikokuwa akisoma. Alikodi ukumbi wa gesti pale Omurushaka, akabandika tangazo kwenye mlango wa mashine ya kusaga: semina ya namna ya kuuza mazao kwa njia ya intaneti, kila mkulima anakaribishwa. Watu walijaa. Kompyuta aliichora kwenye karatasi ya manila, maana hakuwa nayo, na wengi mle ndani hawakuwa wameiona. Mmoja tu alisema aliwahi kuiona ofisini Bukoba, imefunikwa kitambaa.

"Mnunuzi yuko Ujerumani," Anatory aliwaambia. "Anaamka asubuhi, anawasha kompyuta yake, anakutana na kahawa ya Kimuli. Inasema ni ya nani, ni magunia mangapi, na simu ya kupiga. Anapiga. Egbert yuko wapi hapo? Hayupo."

Watu walicheka kwa raha, maana hakuna aliyewahi kuwaondolea Egbert kwa maneno machache hivyo. Akawasimulia juu ya mkulima wa Kenya aliyeuza maua, na akina mama wa Uganda waliouza vikapu mpaka wakajenga nyumba za bati. Akasema shida yenu si kahawa, kahawa mnayo; shida yenu ni pupa. Msiiuze mapema. Ada yake ilikuwa debe la kahawa kwa kila kaya, na aliitaka baada ya kuuza, si kabla. Hilo la mwisho liliwakaa sana watu moyoni.

Nyirabageni akanyanyua mkono. "Samahani, mwalimu. Wewe mwenyewe umeshauza nini kwa njia hiyo?"

Xaveria, aliyekuwa amekaa naye benchi moja, alimfinya paja. "Mgeni haulizwi hivyo," alimnong'oneza.

"Bado, mama," Anatory alijibu, na hakukasirika. "Mimi kwanza ni mwalimu. Lakini tutauza pamoja, na kahawa ya kwetu nyumbani itakuwemo."

Jibu lile lilimpendeza Xaveria. Tapeli angetaja meli nzima, alijiambia. Huyu amesema bado, mbele ya watu. Nyirabageni naye alikaa chini, akaona haya kwa kumwaibisha mwalimu, na hakuuliza tena siku ile. Swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa Omurushaka likaishia hapo kwenye benchi.

Lakini watu wa Kimuli si wajinga. Walikutana Jumapili baada ya misa wakasema, tunamjua huyu? Hatumjui. Basi aende anayejua kuangalia watu. Wakachanga nauli, Xaveria akafunga kanga zake, akapanda basi la Bukoba, na kutoka Bukoba akatafuta gari la Muleba.

Njiani aliona kwamba mbuzi hatamfaa. Nani atamwamini mtu aliyetoka Karagwe kutafuta mbuzi Muleba? Akaamua atakuwa mtu anayetafuta miche ya migomba. Alikuwa na furaha safari ile, tuseme ukweli. Hakuwahi kutumwa mbali kiasi kile, na kwa jambo la kijiji kizima.

Kibanja cha akina Anatory alikikuta kimetandazwa majani mpaka mguu unazama. Ndama alikuwa kivulini na maji mbele yake. Mama wa kijana, Adelgunda, alikuwa akiongea na mtu ndani, na Xaveria akatega sikio kabla ya kubisha hodi. Alimsikia akisema, "Huyo Anatory wangu akija mwezi huu sitampa kazi, nitamlisha tu." Xaveria akatulia hapo alipo, akajisikia vizuri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, dada. Umetoka mbali, vumbi hilo si la hapa."

Adelgunda alimkalisha, akamletea kahawa ya kutafuna katika kijikapu kidogo cha ukili, kama inavyompasa mgeni. Waliongea migomba, wakaongea mvua, wakaongea magoti. Xaveria hakuhitaji hata kulitaja jina la kijana, mama alilitaja mwenyewe.

"Baba yake aliuza ng'ombe ili akasome mambo hayo ya kompyuta Kampala. Nilimlilia ng'ombe yule. Sasa mtoto ametuambia tusimpe mtu kahawa, tungoje intaneti." Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. "Iko humo. Yote."

Xaveria aliyatazama yale magunia yamepangwa mpaka darini, na shaka iliyokuwa imebaki ikamtoka. Katika miaka yake yote hakuwahi kukutana na mwongo anayemdanganya mama yake kwa uongo ule ule anaowadanganyia wengine. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, hakuishia hapo. Aliteremka kwa jirani wa bondeni, mzee mmoja mwenye fimbo, akaomba maji na kuliachia jina. Mzee hakunyamaza hata kidogo.

"Anatory? Nilipovunjika mguu alinichimbia choo. Hakunidai hata chai."

Xaveria akarudi Kimuli. Watu walikuwa wakimngoja kwake uani. Hakukaa, hakunywa maji. Alisema tu, "Ni mtu safi."

Na alikuwa mtu safi. Hapo ndipo pa kulilia. Kila alichokwenda kukitazama Xaveria alikitazama sawasawa, na kila alichokiona kilikuwa kweli. Kuhusu kahawa kufika Ujerumani hakuuliza, maana angemuuliza nani? Intaneti haina jirani wa bondeni. Watu walimtuma akamwangalie mtu, akamwangalia mtu, na kijiji kizima kikadhani kazi imekwisha.

Kahawa ikaanikwa, ikakauka, ikatiwa magunia. Bei mwaka ule ilikuwa imepanda kuliko kawaida, na Egbert alikuja mwenyewe na gari mpaka Kimuli, jambo ambalo hakulizoea. Alipita nyumba kwa nyumba akikutana na watu wanaotabasamu tu. Kwa Nyirabageni alitaja bei ambayo, hata mizani yake ikishaiba vya kutosha, ingetosha kumlipa Kaijage na kubakiza chumvi. Nyirabageni alimwambia angoje barabarani, akaja mbio kwa Xaveria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Egbert yupo hapo nje. Anatoa bei. Ni ndogo kuliko ile tunayoingoja kwa mwalimu, lakini inatosha kibanja. Nimpe?"

Xaveria alikuwa akimenya ndizi. Hakuacha. "Egbert unamjua."

"Namjua, mama. Ni mwizi. Lakini pesa zake ziko mfukoni, nimeziona."

"Na yule wa Muleba nilikwenda kwao kwa miguu yangu. Kahawa ya mama yake iko ndani, haijauzwa. Mtu atamzika mama yake angali hai?"

Nyirabageni alibaki amesimama. Alikuwa na swali lingine, lilionekana usoni, lakini alikuwa ameshafinywa paja mara moja. "Basi unasema ningoje."

"Ngoja," alisema Xaveria.

Nyirabageni akaenda kumwambia Egbert aende. Na kwa sababu nyumba ya Nyirabageni ilikuwa ya nyasi, walihamishia magunia yake kwa Xaveria, penye bati.

Kungoja kwenyewe kulifanyika Omurushaka. Namba iliyowekwa kwenye tangazo la intaneti huko Kampala ilikuwa ya simu ya gesti, simu pekee ambayo mwenyewe alikubali itumike. Watu wa Kimuli walipangiana zamu ya kwenda kukaa karibu nayo. Walikaa kwenye benchi la mapokezi na soda moja ya watu wawili, wakiitazama. Ilikuwa ikilia, ndiyo. Ililia kwa watu wanaotaka chumba, kwa mke wa dereva anayemtafuta dereva, kwa watu waliokosea namba. Siku moja mhudumu aliziba simu kwa kiganja akasema kwa sauti ya chini, "Mzungu." Mtu wa zamu alikimbia mpaka sokoni kumwita mwalimu wa shule anayejua Kiingereza, mwalimu akaja na chaki mikononi. Kumbe ni padri anaulizia kama gesti ina maji ya moto, na Kiswahili alikuwa anakijua vizuri kuliko mhudumu.

Mwezi wa nane ukapita, na wa tisa. Anatory alikuwa akija na kwenda. Alisema soko la nje lina taratibu zake. Hakuonekana kama mtu anayedanganya, maana hakuwa anadanganya. Alikonda kama wao.

Halafu zikaja zile mvua za elnino. Waliokuwapo hawahitaji kusimuliwa. Zilianza kama vuli ya kawaida, watu wakashukuru kwa ajili ya maharage, kisha zikasahau kuondoka. Barabara ya Omurushaka ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Migomba ilidondoka yenyewe. Ndani ya nyumba ya Xaveria bati halikuvuja, ila unyevu ulipanda kutoka sakafuni na kushuka kutoka hewani, na gunia ukiliwekea mkono uliutoa umelowa.

Nyirabageni alikuja kila jua lilipochungulia. Walitandika mikeka wakatandaza kahawa, wingu likaja, wakaizoa kwa viganja, wakaikimbiza ndani. Kabla hawajapumua jua lilirudi, wakatoa tena. Asubuhi moja Nyirabageni alifungua gunia la chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaunusa. Alimnyooshea Xaveria kiganja naye anuse, na Xaveria akanusa ukungu.

Mara ya mwisho Anatory alitoka Kampala kwa malori na kwa miguu, suruali imetapakaa tope mpaka kiunoni. Habari zake zilimtangulia, na wanaume walikuwa wamekusanyika kwa Xaveria, wengine na fimbo. Yeye hakukwepa. Alipita katikati yao, akapiga magoti mbele ya Xaveria kwenye tope lile lile la uani.

"Tangazo lipo, mama," alisema. "Nimeliona kwa macho yangu. Limeandikwa Kimuli, limeandikwa kahawa, na namba ya simu."

"Kama lipo, mbona hawaji?"

"Sijui. Niliwaomba wenye kompyuta wanifungulie matangazo mengine nione. Ni mengi, mama. Ya kila nchi. Ya kahawa, ya ndizi, ya ngozi. Yamejaa tu. Sijui kama kuna mtu anayasoma."

"Mwalimu wako wa Kampala anasemaje?"

"Nilikwenda kumuuliza. Ofisi yake imekuwa duka la viatu. Wanasema amerudi Nairobi, naye huko ndiko alikofundishwa."

Xaveria alimuuliza jambo ambalo lilikuwa limeanza kumla tangu siku ya ukungu. "Na yeye, wakati anakufundisha, ulimuuliza ameshauza nini?"

"Hapana."

"Kwa nini hukumuuliza?"

Anatory alifikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi. "Alikuwa mtu mwema, mama. Nilipougua malaria alinilaza kwake, mkewe akanipikia uji. Nikaona siwezi kumuuliza hivyo."

Wanaume waliokuwa na fimbo walitazamana. Wangemchapa kwa lipi? Hakuchukua debe la mtu hata mmoja. Kwao Muleba kahawa ilikuwa imeoza vile vile, ng'ombe hayupo, na mama yake, alisema, hamsemeshi. Mwizi unampigia yowe, unamfukuza, unamkamata au humkamati, lakini jioni umeshajua cha kufanya na hasira zako. Hawa walisimama na hasira zao mvuani mpaka mmoja akaenda zake, na wengine wakafuata. Anatory alibaki amepiga magoti. Ilibidi Xaveria amwinue mwenyewe na kumpa uji, maana alikuwa mgeni na alikuwa anatetemeka.

Barabara ilipofunguka walipeleka kwa Egbert. Wenye nyumba nzuri walipata chochote kidogo. Gunia la Nyirabageni lilipofunguliwa Egbert alichukua punje, akaikata kwa meno, akatema. Xaveria alikuwa pale, alikuwa amemsindikiza.

"Mama Xaveria," Egbert alisema, na safari hii hakucheka, "hii hata kuiba siwezi."

Kaijage alikuja akiwa na mwavuli. Alisubiri kupita siku alizokuwa ameweka, akasubiri mpaka baada ya Noeli, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Kisha akauza. Aliyenunua naye hakuwa mtu mbaya. Aliwapa muda wa kuvuna maharage.

Xaveria alikuwa na habari ya siku watakayoondoka, na asubuhi hiyo hakutoka nje. Alijipa kazi ya kufagia pasipo na uchafu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na aliyataka. Alikuwa hata ameyapanga kichwani, Nyirabageni atasema hivi, naye atainamisha kichwa hivi. Miezi ile yote hakuna aliyemtamkia neno. Walimwambia si kosa lako, wewe ulitumwa tu, uliona ulichokiona. Walimwambia kwa upole, na kila mmoja alipomwambia, Xaveria alitamani mtu huyo aondoke haraka.

Akasikia hodi. Nyirabageni alikuwa amesimama mlangoni na mkeka kichwani, mtoto mgongoni. Theoneste na wengine walikuwa wakimngoja barabarani na mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunakwenda. Nikasema siwezi kupita bila kukuaga."

Xaveria aliitikia kwa kichwa. Alimshika mtoto mguu, akaupapasa. Alitaka kusema nisamehe, na neno lilikuwa tayari, lakini Nyirabageni hakumpa nafasi. Alikuwa na jambo lake, na alikuwa na haraka.

"Mama, huko tunakokwenda, upande wa Murongo, kuna mzee anaitwa Anastazi. Anasema tukimlimia kwa miaka michache atatukatia kipande kiwe chetu kabisa. Theoneste ameshakubali. Mimi nimesema hapana, kwanza nimuulize mama." Alishusha sauti ili wa barabarani wasisikie. "Unamwonaje? Ungekuja siku moja utuangalizie?"

Xaveria alimkazia macho ajue kama anamkejeli. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa amesimama pale mlangoni akingoja, kama walivyongoja akina mama wote kwa miaka yote, akiwa na imani ile ile, maana hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Xaveria akafungua kinywa amwambie sijui, amwambie usiniulize tena maishani mwako, nenda ukamuulize mtu yeyote utakayemwona njiani.

"Kwao ni wapi?" akauliza.

Hakuwa na swali lingine. Nyirabageni akatua mkeka wake, akaketi, akaanza kumweleza.